Kukosa kiongozi si kukosa utaratibu

Wengi hudhani kundi la mrengo wa kushoto lisilo na mwenyekiti ni vurugu tupu: mwenye sauti kubwa ndiye anayeamua. Sivyo. Tazama waandamanaji wa Occupy Wall Street, vuguvugu lililopinga pengo kati ya matajiri na wengine, waliopiga kambi katika bustani ya Zuccotti Park, New York, kuanzia Septemba 17, 2011. Vipaza sauti vilihitaji kibali, nao hawakuwa nacho. Basi msemaji alitamka maneno machache, akanyamaza, na waliomzunguka wakayarudia kwa pamoja hadi yakawafikia walio nyuma kabisa. Ukilazimika kuyatamka maneno ya mtu unayempinga, unamsikia kweli. Kwangu hiyo ndiyo busara kubwa ya kambi ile.

Vikao vilichukua saa nyingi na kuchosha watu, lakini uchovu huo uliletwa na wingi wa taratibu, si uhaba wake. Wanachama walipokezana kuongoza. Mmoja alishika orodha ya wasemaji, na aliweza kuwatanguliza watu wa makundi ambayo kwa kawaida hayasikiki. Waliosikiliza walijibu kwa ishara za mikono. Vidole vikichezeshwa juu: naafiki. Vikielekezwa chini: sikubali. Mikono ikipishanishwa kifuani: nazuia pendekezo lisipite, na aliyezuia alitakiwa kueleza sababu mbele ya wote.