Saladi, Mwanga na Hewa Ukaa: Fedha Yako Iende Wapi?

Wanaolima saladi kwenye mabanda ya plastiki huko Wakiso na Mukono, Uganda, hutuuliza mara nyingi: tununue taa za kuoteshea na mitungi ya hewa ukaa (kaboni dioksidi) kama wafanyavyo Uholanzi? Hapana. Wenzetu wa kule wanapambana na miezi ya baridi yenye siku fupi na jua hafifu. Sisi tuko kwenye ikweta, na mchana wetu ni wa takribani saa 12 mwaka mzima.

Tuanze na mwanga, maana ndio wenye kauli kubwa juu ya lishe ya jani. Pasua saladi ya kichwa, ile inayofunga kama kabichi. Majani ya nje ni ya kijani iliyokolea, ya ndani yamepauka. Ya ndani hayakuliona jua, kwa hiyo yana beta-karotini kidogo mno, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Na jikoni mara nyingi ni ya nje yanayotupwa! Mwanga wa kutosha pia huongeza sukari na vitamini C. Saladi nyekundu nayo hupata rangi yake hasa kwa mwanga wa bluu na urujuanimno, yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Ikilimwa chini ya plastiki inayozuia urujuanimno, rangi hufifia.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni nitrati. Mmea hufyonza nitrojeni udongoni ikiwa nitrati, kisha huitumia kutengeneza protini kwa nishati itokanayo na mwanga. Mwanga ukipungua, mizizi huendelea kufyonza lakini kazi ya kuibadili huzorota, na nitrati hurundikana kwenye jani. Ulaya wanaliona hili kuwa zito kwa afya kiasi cha kuliwekea sheria: saladi ya majani iliyolimwa chini ya paa na kuvunwa kati ya Oktoba na Machi isizidi miligramu 5,000 za nitrati kwa kilo, na iliyolimwa nje na kuvunwa kati ya Aprili na Septemba isizidi 3,000. Hapa kwetu tatizo huja pale mawingu ya masika yanapokutana na plastiki iliyoota ukungu, neti nzito ya kivuli na urea iliyomwagwa bila kipimo.

Hewa ukaa je? Mwaka 1958, vipimo vya hewa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, vilipoanza, ilikuwa takribani sehemu 315 kwa milioni. Leo imepita 420. Wenye mabanda ya kisasa huipandisha hadi 800 au 1,000, na kweli saladi hunenepa haraka. Lakini wanga huongezeka kuliko madini. Uchambuzi wa mtafiti Irakli Loladze wa mwaka 2014, uliojumlisha majaribio mengi ya mimea mbalimbali, ulionyesha madini yakishuka kwa wastani wa asilimia 8 hewa ukaa inapozidi. Mizani itakufurahisha, ila kila kilo itakuwa na zinki na chuma kidogo zaidi. Isitoshe, kwa joto letu lazima banda liwe wazi pembeni, na gesi uliyoinunua itatoka humo humo.

Hasara ya kweli iko kwenye banda lililofungwa hadi jua limepanda. Mimea huimaliza hewa ukaa iliyomo hadi ikawa chini ya ile ya nje. Kunja mapazia mapema; hilo halina gharama.

Plastiki ioshwe. Neti itolewe siku chache kabla ya kuvuna, ikiwa jua si kali mno, na urea isiwekwe wiki ya mwisho. Usivune alfajiri kwa mazoea: baada ya usiku mzima gizani, nitrati huwa juu kuliko alasiri. Saa 8 mchana jani hunyauka upesi, kwa hiyo kata kuanzia saa 10 jua likipoa, weka kivulini, nyunyizia maji safi ya baridi, na mzigo wa soko la Nakasero, Kampala, usafiri usiku.