Je, wajua kwa nini seli za kongosho hupandikizwa kwenye ini?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mgonjwa wa kisukari aina ya kwanza akipandikizwa seli za kutengeneza insulini, kichocheo kinachoshusha sukari kwenye damu, seli hizo hurudishwa kwenye kongosho, kama fundi baiskeli anavyong'oa kifaa kibovu na kufunga kipya mahali pale pale. Sivyo. Kwa kawaida huingizwa kwenye ini, na kongosho huachwa lilivyo. Ningeweza kulitambua kosa hilo mapema, kwani hata figo, ambazo Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ilianza kuzipandikiza mwaka 2018, hazichukui nafasi ya zile za zamani: figo mpya huwekwa chini ya tumbo karibu na nyonga, na zilizoshindwa mara nyingi huachwa zilipo.

Insulini humwagwa moja kwa moja kwenye damu, hivyo muhimu ni seli kufikiwa na damu hiyo. Visima vya Makutupora viko nje ya mji, lakini maji yake hufika mjini kwa sababu mabomba yameunganishwa. Hakuna anayedai kisima kichimbwe uani kwake. Ini lina bomba zuri kuliko mengi: mshipa unaokusanya damu kutoka utumbo huingia humo kwanza, na seli zilizotua hapo huionja mapema sukari ya ugali uliotoka kuliwa. Daktari hupenyeza mrija mwembamba hadi kwenye mshipa huo, seli zikateremka na mkondo mpaka zinaponasa kwenye vijishipa vyembamba. Kongosho, kwa upande wake, limejaa vimeng'enya vya kusaga chakula, na likichokozwa huweza kuvimba na kuanza kujimeng'enya lenyewe. Ni mwenyeji wa kuogopwa.

Hata ini lina kasoro, kwa kuwa sehemu ya seli hufa muda mfupi baada ya kutua, na zinazobaki huhitaji dawa za kushusha kinga ili mwili usizishambulie. Wagonjwa 7 waliopandikizwa hivyo na kuripotiwa Edmonton, Kanada, mwaka 2000 wote waliacha sindano za insulini, ingawa wengi waliofuatiliwa baadaye walirudia insulini kabla ya miaka 5 kwisha. Mwaka 2025 ilichapishwa taarifa ya watu 12 waliopewa dozi kamili ya seli zilizokuzwa maabara kutokana na seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine: baada ya mwaka mmoja, 10 hawakuhitaji insulini. Kumi na wawili ni wachache. Seli zao nazo zilimiminwa kwenye ini.