Usalama wa maji ya bomba: yanayoaminika mitaani na yanayotokea kweli

Ikitajwa habari ya usalama wa maji ya mjini, mazungumzo huishia kwenye ulinzi: ukuta mrefu, geti, askari, bango la kukataza watu kuingia. Ulinzi huo unahitajika, na anayeubeza hajawahi kuona nyaya za pampu zilizokatwa usiku na wezi wa shaba. Lakini ukifuatilia miji iliyokauka au iliyougua kwa sababu ya maji yake, mvamizi utamkuta mara chache. Utakuta umeme uliokatika, klorini iliyoisha stoo, bomba lililopasuka, kipimo ambacho hakikuchukuliwa, na taarifa iliyokaliwa mezani. Dhana zifuatazo zinatufanya tulinde mlango mmoja huku mingine ikiwa wazi.

"Adui mkubwa ni mtu atakayetia sumu kwenye bwawa"

Hofu hii ni ya zamani, na kila vita au uchaguzi wenye joto huiamsha upya. Wingi wa maji wenyewe unamkwamisha mtu wa namna hiyo. Bwawa la Ndakaini, ambalo Nairobi inalitegemea kwa sehemu kubwa kabisa ya maji yake, lina nafasi ya mita za ujazo milioni 70. Na maji hayo hayaendi bombani hivi hivi. Hupitia mtambo wa Ng'ethu, ambako hutiwa shabu ili tope lishikane na kuzama, huchujwa kwenye mchanga, kisha hutiwa klorini.

Udhaifu wa mji kama huo uko kwenye kutegemea chanzo kimoja au viwili. Mwaka 2003 mafuriko yaliharibu njia ya kumwagia maji ya ziada katika bwawa la Sasumua, na Nairobi ikapoteza sehemu ya maji yake bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Mombasa iko pagumu zaidi. Maji yake hutoka chemchemi za Mzima huko Taita Taveta, kwa bomba la kilomita 220 hivi, pamoja na Baricho katika kaunti ya Kilifi, na Marere na Tiwi katika kaunti ya Kwale. Hakuna mlinzi wa geti anayeweza kulinda njia ndefu namna hiyo. Kinachoilinda ni kukaguliwa mara kwa mara, kuwa na valvu za kufungia kipande kilichoharibika, vipuri vya saizi sahihi vilivyopo stoo kabla ya ajali, na mafundi zaidi ya mmoja wanaojua kila valvu iko wapi, hata usiku wa mvua. Katika mamlaka nyingi ujuzi huo umo kichwani mwa mzee mmoja anayekaribia kustaafu. Hilo ni pengo la usalama kama lilivyo geti lililovunjika, na ningependa kuona likiandikwa hivyo kwenye ripoti za hatari.

"Maji yakirudi baada ya mgao, tatizo limekwisha"

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu dhana hii inawagusa watu wengi kuliko zote.

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua sana. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ambayo kwa pamoja ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku, ikashuka hadi kiasi cha lita milioni 300, na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao. Watu walihesabu siku bila maji, na walikuwa na haki ya kuzihesabu. Kilichozungumzwa kidogo ni hali ya bomba lenyewe katika siku hizo.

Bomba lililojaa maji yenye msukumo likiwa na tundu, maji hutoka nje. Msukumo ukiisha, mwendo hugeuka, na bomba hunyonya kilicho jirani. Sasa fikiria mabomba ya mitaani yanapita wapi: ndani ya mitaro ya maji machafu, kando ya vyoo vya shimo, chini ya madampo. Ongeza maungio ya vishoka yaliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ongeza nyumba zenye pampu zinazovuta moja kwa moja kutoka bomba la mtaa, ambazo huzidisha unyonyaji huo kwa majirani wote. Maji yaliyotoka mtamboni yakiwa safi kabisa yanaweza kumfikia mteja yakiwa na vimelea vya kinyesi, na yakiwa maangavu machoni.

Kwa hiyo saa za hatari zaidi ni zile ambazo mtaa mzima unashangilia, maji yanaporudi. Mamlaka iliyojiandaa huongeza klorini siku hiyo, humwaga maji machafu kwenye ncha za mtandao, kisha hupima mabaki ya klorini kwa mteja wa mwisho kabisa, mbali na mtambo. Shirika la Afya Duniani linataka mabaki hayo yasipungue miligramu 0.2 kwa lita mahali maji yanapochotwa, na yafike 0.5 pale penye hatari kubwa kama mlipuko wa kipindupindu. Kipimo chenyewe ni kidogo cha kubeba mkononi na jibu lake hupatikana kwa dakika chache. Hakuna sababu ya mwenyekiti wa mtaa kutoweza kuuliza jana kilisomekaje.

Nyumbani, maji ya kwanza yaende kwenye ndoo ya kudekia na ya chooni. Ya kunywa yachemshwe hadi yatokote sawasawa, au yatiwe dawa kama WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kuachwa nusu saa. Yakiwa meupe kama maziwa, jaza glasi uyaangalie. Weupe ukianza kuondoka chini kwenda juu, hiyo ni hewa iliyokamatwa bombani, haina madhara. Harufu kidogo ya klorini nayo isikutie hofu, kwani inaonyesha dawa bado iko kazini. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015, kikasambaa mikoani na kuugusa watu zaidi ya 20,000, hakikuwa na rangi wala harufu ya kumwonya mtu.

Ruvu ya 2022 ilileta pia hatua za kuongeza vyanzo. Novemba mwaka huohuo mradi wa visima vya Kigamboni wa lita milioni 70 kwa siku ulizinduliwa, na bwawa la Kidunda mkoani Morogoro limepangwa kuhifadhi lita bilioni 190 ili mto usitegemee mvua ya mwaka ule ule.

"Jenereta lipo, tumejiandaa"

Goma wanalijua jibu la hili kwa uchungu. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikaharibu tenki kuu na mabomba, na watu wapatao nusu milioni wakakosa maji salama. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika na pampu zikasimama. Watu wakarudi Ziwa Kivu na madumu yao, ziwa lilelile ambalo mwaka 1994 kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi kandokando yake.

Katika hali kama ile jenereta ni chuma tu mpaka pawe na mafuta ya siku kadhaa, fundi anayeweza kufika kazini barabara zikiwa zimefungwa, na makubaliano yaliyoandikwa mapema kuhusu nani atapewa maji kwanza. Hospitali, vituo vya kusafisha figo, kambi za waliohama, shule zilizogeuzwa hifadhi: orodha hiyo ikitengenezwa siku ya balaa, anayepata ni mwenye namba ya simu ya mkubwa. Vivyo hivyo kwa maboza. Mkataba na wenye magari ya maji, bei iliyokubaliwa na mahali pa kujazia penye klorini vipangwe wakati wa utulivu, la sivyo boza litajazwa kwenye kisima chochote na dumu litauzwa kwa bei yoyote.

Viwango vya misaada ya dharura duniani vinaweka lita 15 kwa mtu kwa siku kama kima cha chini cha kunywa, kupika na kujisafisha. Familia ya watu sita kwa siku tatu inahitaji lita 270, karibu madumu kumi na manne. Hesabu hiyo iwasaidie wanaosema simtanki la jirani litatutosha wote.

"Udukuzi ni shida ya Wazungu"

Mitambo yetu mipya inaendeshwa kwa skrini. Pampu huwashwa na kuzimwa kwa kompyuta, na kiwango cha tenki husomwa kwa simu. Novemba 2023 wadukuzi waliingia kwenye kifaa cha kituo cha kusukuma maji cha Aliquippa, Pennsylvania. Vifaa vya aina ile vilikuwa vimeunganishwa kwenye intaneti vikiwa bado na nenosiri la kiwandani. Wahudumu walihamia kuendesha kwa mkono na maji hayakukatika. Kuna kesi ya zamani zaidi inayonishughulisha kuliko hiyo, ya Maroochy huko Queensland, Australia, mwaka 2000: mtu aliyewahi kufanya kazi kwa mkandarasi wa mfumo, kisha akanyimwa ajira na halmashauri, alitumia redio na kompyuta kumwaga lita zipatazo 800,000 za majitaka kwenye bustani na mito. Aliijua mitambo kwa sababu alishiriki kuifunga.

Badilisheni nenosiri siku mkandarasi anapokabidhi mradi. Futeni ruhusa ya kila anayeondoka, siku anayoondoka. Na mafundi waendelee kufanya zoezi la kuendesha mtambo kwa mkono, kwa sababu kijana aliyeajiriwa baada ya skrini kufungwa huenda hajawahi kuzungusha ile valvu.

"Kisima kirefu hakihitaji dawa"

Walkerton ni mji mdogo wa Ontario, Kanada, wenye watu 5,000 hivi, uliokuwa ukinywa maji ya visima. Mei 2000 mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kimojawapo. Klorini iliyotiwa ilikuwa haitoshi. Waendeshaji walikuwa na mazoea ya kuandika kwenye daftari vipimo ambavyo hawakuvichukua, siku baada ya siku, kwa sababu waliamini maji yao ni matamu na salama na wao wenyewe waliyanywa. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,300 waliugua.

Sijui kisa kingine kinachotufaa zaidi sisi tunaochimba visima kila kona na kuviita vya uhakika. Hapakuwa na adui. Palikuwa na daftari lililojazwa uongo na wasimamizi ambao hawakulihakiki. Kisima chochote kinachohudumia watu wengi kinahitaji klorini, kifuniko kizima, umbali na vyoo na mazizi, na mtu wa nje anayekuja kupima bila kutoa taarifa.

"Tukiwaambia wananchi tutazua taharuki"

Kisa hichohicho cha Walkerton kinaendelea. Maabara ilituma majibu mabaya tarehe 17 Mei. Ofisi ya afya ya eneo ilipouliza, ikaambiwa maji hayana shida. Amri ya kuchemsha maji ilitoka tarehe 21, na si kila mkazi aliisikia kwa wakati. Kwa siku nne watoto waliokuwa wakiharisha waliendelea kupewa maji ya bomba ili wasipungukiwe maji mwilini. Hiyo ndiyo bei ya kuzuia taharuki.

Cape Town walifanya kinyume. Ukame ulipobana, jiji lilitangaza hadharani siku ambayo mabomba yangeweza kufungwa, likaweka wazi kiwango cha mabwawa, na kuanzia Februari 2018 likamtaka kila mkazi atumie lita zisizozidi 50 kwa siku. Matumizi ya jiji, yaliyokuwa zaidi ya lita bilioni moja kwa siku mwaka 2015, yalishuka hadi kiasi cha milioni 500, na siku ile haikufika. Watu walikasirika, walibishana, wakapunguza.

Hata kwetu mtu anavumilia mgao wenye ratiba inayofuatwa. Kinachomkimbiza ni ukimya, kwa sababu ukimya hujazwa na ujumbe wa sauti wa WhatsApp usio na mwenyewe. Tangazo la dharura linatakiwa liwe limeandikwa tayari, likiwa na nafasi za kujaza: mitaa gani, tangu lini, msinywe au mchemshe, maji mbadala yako wapi, taarifa inayofuata saa ngapi. Lipelekwe redioni, misikitini, makanisani, kwa mabalozi wa nyumba kumi na kwa gari la matangazo, maana wanaoathirika kwanza mara nyingi ndio wasio na bando.

"Klorini ni dawa tu, haina hatari"

Ndani ya glasi, kwa kipimo chake, ni kweli. Ndani ya mtungi ni gesi iliyogandamizwa. Katika bandari ya Aqaba, Yordani, Juni 2022, tangi moja la klorini lilikatika kutoka kwenye kreni na kuanguka. Watu 13 walikufa na zaidi ya 250 walijeruhiwa. Mitambo mingi ya maji huwa na mitungi ya gesi hii, na miji imeisogelea hadi kwenye uzio. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa kwenye mabonde, mitaro na vyumba vya chini. Anayenusa harufu kali ya klorini karibu na mtambo aende pembeni akikwepa njia ya upepo, apande juu, asijifiche mtaroni. Na majirani wa mtambo wana haki ya kujua mapema king'ora kikilia kinamaanisha nini, na zoezi la mwisho lilifanyika lini.