Kliniki tembezi ya methadoni: dawa inalala wapi?

Kliniki tembezi ya methadoni, dawa ya kunywa inayotibu uraibu wa heroini na dawa za jamii yake, ni gari lenye muuguzi, sefu ya dawa na sehemu ya kutolea dozi, linalowafuata waraibu wa heroini au fentanili huko waliko. Kwetu Pwani methadoni si ngeni. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na wanaoifahamu tiba hiyo wanajua kwamba mgonjwa hufika kila siku, akanywa dozi mbele ya mhudumu. Akikosa nauli, arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa dawa uliyoizoea, humrudisha kwenye unga. Gari hupunguza safari hiyo. Amsterdam walianza kutumia basi la namna hii mwaka 1979.

Shida ni kwamba methadoni nayo ni opioidi, yaani dawa ya jamii moja na heroini na fentanili. Ikiibwa ina soko mtaani, na mtu ambaye mwili wake haujaizoea akinywa dozi ya mwenzake anaweza kuacha kupumua. Kwa hiyo sheria zinalihusu gari kwa sababu ya mzigo wake.

Marekani ni mfano mzuri. Methadoni ya kutibu uraibu huko hutolewa na kliniki zenye usajili maalumu, si duka la dawa la kawaida. Mwaka 2007 DEA, chombo cha serikali kinachosimamia dawa zinazodhibitiwa, kiliacha kuidhinisha magari mapya. Zuio hilo lilidumu hadi kanuni mpya ilipoanza kazi tarehe 28 Julai 2021, na katika miaka hiyo vifo vya opioidi viliongezeka mno. Sioni namna ya kuutetea ukawiaji huo.

Sasa gari halihitaji usajili wake lenyewe. Linahesabiwa kuwa sehemu ya kliniki mama, mradi lifanye kazi ndani ya jimbo lilelile na ofisi ya DEA ya eneo hilo iwe imeridhia kwa maandishi. Sefu haiwezi kufikiwa kutoka nje ya gari, wagonjwa husubiri mbali na dawa inapotunzwa, na lazima uwepo utaratibu wa kuiokoa dawa gari likiharibika njiani.

Sharti zito ni la jioni. Siku ikiisha, gari hurudi kliniki mama, dawa ikashushwa na kufungiwa humo. Mjini hilo halisumbui. Lakini kijiji kikiwa umbali wa saa tatu, saa sita za kazi huishia barabarani, na watu wa mbali ndio hasa waliolihitaji gari. Kliniki inaweza kuomba ruhusa ya pekee ya kutorudi kila siku.

Buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu huo, ina njia nyepesi zaidi. Mwishoni mwa 2022 Bunge la Marekani lilifuta kibali cha ziada ambacho madaktari walitakiwa kuwa nacho ili kuiandika kwa waraibu. Gari ambalo daktari wake anaandika cheti tu, mgonjwa akachukue dawa dukani, halina sefu ya kukaguliwa wala haja ya kurudi kliniki kila jioni.