Wimbi dogo la MMN halimtabirii mtu wazimu

Wiki hii ni mara ya tatu. Mama mmoja amekaa mbele yangu na karatasi aliyoikunja mara nne, na hata salamu hatujamaliza ananiuliza: "Daktari, eti mashine imesema mwanangu atakuwa kichaa?" Kijana alijitolea kwenye utafiti, akasikilizishwa milio, kisha mtu akamwambia wimbi lake la MMN (mismatch negativity, ishara ya umeme ambayo ubongo hutoa mlio unapobadilika ghafla) ni dogo. Mama hajapata usingizi tangu siku hiyo.

Mashine haijasema hivyo wala haina uwezo wa kusema hivyo. Aliyemtia mama huyu hofu hiyo amenikera mno.

Niondoe haraka dhana moja. Hatupimi zile sauti ambazo mgonjwa wa saikosisi, yaani aliyepotezana na uhalisia, husikia bila mtu kuzungumza, wala hatupimi masikio. Kijana anavaa kofia ya elektrodi, kila moja tumeitilia jeli, anatazama filamu isiyo na sauti. Masikioni inapita milio ya kuchosha: tip, tip, tip, tip, halafu mmoja unarefuka, tiip. Ya kawaida ina milisekunde 50, ule wa kipekee 100. Hajaambiwa asikilize. Lakini kati ya milisekunde 100 na 250 hivi baada ya tofauti kujitokeza, ubongo unatoa wimbi hasi linaloonekana vizuri zaidi mbele na katikati ya kichwa, kama vile umeshtukia kwamba mpangilio umevunjika. Mtafiti wa Finland, Risto Näätänen, na wenzake walilieleza mwaka 1978.

Wimbi lenyewe ni maikrovolti chache tu. Kupepesa jicho mara moja kunaweza kupita maikrovolti 100 kwenye elektrodi za karibu na paji la uso. Kwa hiyo mlio mmoja hauonyeshi kitu. Tunakusanya majibu ya mamia ya milio ya kipekee na kutafuta wastani, ndipo kelele zinapungua na wimbi linachomoza. Sasa fikiria kijana asiyelala, mwenye wasiwasi, anayebana meno na kusinzia filamu ikiwa nusu. Kusinzia peke yake kunalipunguza wimbi hili. Nimempima mtu mmoja mara mbili, wiki moja katikati, kofia ileile na milio ileile, na michoro miwili ikatoka kama ya ndugu wawili.

Hapa ndipo panaponikera zaidi. Ni kweli kabisa kwamba watu wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta saikosisi, wakichukuliwa kama kundi, wana MMN ndogo. Hilo limeonekana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na limerudiwa mara nyingi mno kuliko matokeo mengi ya fani yetu. Ni kweli pia kwamba miongoni mwa vijana wenye dalili za awali za saikosisi, zipo tafiti zilizoonyesha kuwa waliokuja kuugua tayari walikuwa na wimbi dogo kabla, hasa kwa milio inayotofautiana kwa urefu. Mimi mwenyewe nimeitolea kazi hii miaka yangu kwa sababu ya matokeo hayo. Lakini "kundi" si "mwanao". Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake. Nikikuambia nyuma ya mlango kuna mtu wa sentimita 168, utaapa ni mwanamume? Makundi yetu mawili yanaingiliana hivyohivyo. Wapo wazima tele wenye wimbi dogo, na wapo wagonjwa ambao wimbi lao huwezi kulitofautisha na langu.

Tufanye hesabu, maana hata madaktari wenzangu wanairuka. Tuseme tuna kipimo bora kuliko hiki: kinawanasa 80 katika kila 100 watakaougua, na kinawaacha salama 80 katika kila 100 wasiougua. Kipeleke kwa watu 1,000 wa kawaida, ambao 10 kati yao wataugua. Kitawanasa 8. Pamoja nao kitawatia hofu 198 ambao hawataugua kamwe. Kipeleke sasa kwa vijana 1,000 waliokwisha kuja kliniki na dalili za awali, ambako karibu robo huugua ndani ya miaka michache: kitawanasa 200 na kuwakosea 150. Kipimo ni kilekile. Kilichobadilika ni nani amepimwa. Ndiyo maana sikubali kabisa wazo la kupima wanafunzi shule nzima.

Mashaka yangu mengine siyafichi. Tunafundisha kwamba MMN inategemea vipokezi vya NMDA, sehemu za seli za ubongo zinazopokea ujumbe, kwa kuwa ketamini, dawa ya nusukaputi inayoviziba, hulipunguza wimbi kwa watu wazima wenye afya. Maelezo mazuri, nami nayafundisha. Ila dawa ya saa moja na ugonjwa wa miaka kumi ni vitu viwili. Tena, kwa watu walio kwenye tukio la kwanza la saikosisi, wimbi la milio inayotofautiana kwa uzito na wembamba wa sauti mara nyingi hukaribia la kawaida, ilhali kwa wagonjwa wa muda mrefu limepungua. Basi tunapima hatari ya kuugua, au tunapima nyayo za ugonjwa uliokwisha kupita? Nadhani milio ya urefu na ile ya uzito haitupi jibu moja, na wanaozichanganya kwenye jedwali moja wanajipotosha.

Nilimrudishia mama karatasi yake, nikamwambia aiweke kando. Nikamuuliza kama kijana analala, kama bado anaongea na rafiki zake, kama anavuta bangi, kama kuna siku amehisi watu wanamsema njiani. Bangi hapana, alisema. Usingizi, hana tangu mwezi uliopita, na rafiki zake hawaji tena. Nikamwambia aje naye kesho asubuhi, na kofia hatutaigusa.