Muuguzi anapomzuia mgonjwa dirishani: ufafanuzi kwa ndugu wa wanaotumia methadoni

Malalamiko dhidi ya wauguzi wa kliniki za methadoni, dawa ya kunywa inayotibu uraibu wa heroini, yanazidi, na mengi yanatoka kwa ndugu: mama mzazi, mke, kaka aliyetoa nauli. Kubwa ni kwamba muuguzi "amemnyima mgonjwa dozi". Huduma hii, iliyoanzia Muhimbili mwaka 2011 na kufika Mwananyamala, Temeke na mikoani, inawategemea sana ndugu hao, hivyo ni haki yao kuelewa kinachofanyika dirishani, mgonjwa anapopewa dawa.

Mgonjwa akifika hutambuliwa kwa kadi na picha. Kisha muuguzi huzungumza naye, na hayo si maamkizi tu. Anasikiliza kama ulimi ni mzito, anatazama mboni za macho, ananusa kama kuna pombe. Akitilia shaka humketisha kwenye benchi na kuzihesabu pumzi zake dakika nzima, saa ikiwa mkononi. Zikiwa chini ya 12, dozi inasimama na daktari anaitwa. Methadoni, pombe na vidonge vya usingizi kama Valium vyote hupunguza kasi ya kupumua; vikikutana, mtu hulala, akakoroma, asiamke. Arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea, inatesa, hilo hatubishi, lakini kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine ni nadra kuua. Mchanganyiko huo unaua. Kwa hiyo tafadhali, msimgombeze muuguzi mbele ya mgonjwa.

Dozi humezwa mbele ya muuguzi. Mgonjwa hunywa maji, kisha hutakiwa kuongea, ili ionekane hakubakiza kitu mdomoni. Methadoni ni dawa inayodhibitiwa. Kuitoa nje kwa siri na kuiuza ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na anayeinunua naye hayuko salama. Dozi ya kwenda nayo nyumbani huamuliwa na timu ya matibabu kwa mgonjwa aliyetulia. Barua ya mjumbe haiamui. Ikitolewa, ifungiwe kwa kufuli, kwani kiasi cha kawaida cha mtu mzima kinaweza kumuua mtoto. Aliyekosa siku tatu mfululizo lazima aonwe upya na daktari, maana mwili umeanza kuisahau dawa na dozi ya zamani inaweza kumzidi.

Lipo pia lalamiko kwamba dawa "imechakachuliwa". Mara nyingi linatoka kwa mgonjwa aliyeanza dozi ya kifua kikuu. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hulifanya ini liivunje methadoni haraka kuliko kawaida, hivyo arosto humrudia kabla ya siku kwisha. Aseme, aongezewe. Akinyamaza atarudi kwenye kete za heroini, kisha nyumbani mtasema kliniki haina maana.

Linalotuumiza zaidi ni hili la akili. Wengi wa tunaowahudumia wana sonona, au wanasikia sauti, au wanaamini jirani amewawekea kitu. Ndugu huambiwa methadoni imeanza, basi wanaachisha dawa za akili: "Mbili zitampumbaza." Si kweli, na tumelisema mara nyingi. Methadoni inatibu uraibu wa heroini, haitibu sauti. Dawa za akili nazo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi vizuri, na ukizikatisha wiki ya pili kwa kuwa huoni badiliko, umemrudisha mwanzo. Mgonjwa anayeteswa na sauti usiku atatafuta cha kuzinyamazisha, na maskani, kwa wanaotumia heroini, kipo.

Muuguzi akimuuliza mgonjwa kama anafikiria kujiua, asikatizwe. Swali hilo halimpandikizii wazo. Humpa nafasi ya kusema alichokuwa amekificha. Na akichafukwa usiku, msimfunge kamba kifudifudi, hasa akiwa amekunywa, kwani anaweza kukosa pumzi. Ondoeni visu na vidonge alipo, abaki naye mtu mmoja anayemheshimu, apelekwe hospitali iliyo karibu.

Mkija kliniki, aje yule anayelala naye nyumba moja, anayejua amelala saa ngapi na ameongea nini. Leteni vidonge vyote anavyotumia vikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na vya duka la dawa na vile vya mganga.