Alizeti Haimalizi Risasi

Mvua zikikaribia, hakosi mtu wa kunitumia picha ya alizeti. Ameiona kwenye simu, chini yake imeandikwa kwamba ua hili husafisha udongo wenye sumu, naye ana kiwanja. Mara nyingi kiwanja chenyewe kina historia: kilikuwa gereji, au fundi alikuwa akivunja betri za magari hapo na kuyeyusha risasi (ile metali nzito ya ndani ya betri, si ya bunduki) kwenye karai, au kiko chini ya kilima ambako watu walichenjua dhahabu. Swali ni lilelile: nipande alizeti misimu mingapi ndipo nilime mchicha?

Aliyeniuliza safari hii ni kijana aliyenunua eneo la fundi betri. Nimekuwa bwana shamba muda wa kutosha kujua kwamba jibu refu halipendwi kwenye simu, kwa hiyo naliandika hapa.

"Mimea hunyonya metali, udongo ukabaki safi"

Tupige hesabu. Udongo wa hekta moja, kwa kina cha sentimita 20 ambacho jembe hufika, una uzito wa takriban tani 2,600. Tuseme kila kilo ya udongo huo ina miligramu 1,000 za risasi, jambo lisiloshangaza mahali palipovunjiwa betri. Hapo kuna kilo 2,600 za risasi. Sasa panda alizeti, ipalilie, ikupe tani 10 za mashina na majani makavu. Risasi hung'ang'ania udongo, na hiyo kidogo inayoingia kwenye mzizi hupenda kubaki mzizini. Tuwe wakarimu, tuseme kila kilo ya majani na mashina imebeba miligramu 50. Msimu mzima umetoa nusu kilo. Ili udongo ushuke kutoka miligramu 1,000 hadi 400, lazima utoe kilo 1,560, yaani misimu 3,120. Hata ukivuna mara mbili kwa mwaka, ungepaswa uwe ulianza kabla Kilwa haijawa mji ndipo leo ukaribie kumaliza.

Na hiyo 400 haikuokotwa. Kwa miaka mingi Marekani iliitumia kama kiwango cha kuanza kutilia shaka udongo wa makazi, na mwaka 2024 ikakishusha hadi 200. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Sifa za alizeti zilitoka wapi basi? Zilitoka Chernobyl, Ukraine, palipolipuka kinu cha nyuklia, ambako katika miaka ya 1990 ilioteshwa juu ya vyelezo kwenye bwawa, mizizi ikining'inia majini na kukamata sesiamu na stronti zenye mionzi. Maji si udongo. Kitu kilichokwisha yeyuka majini kinanyonyeka. Kilichogandia kwenye udongo wa mfinyanzi ni habari nyingine. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima mwaka 2011 Wajapani walipanda alizeti nyingi kwa matumaini yaleyale, wizara yao ya kilimo ikapima, ikakuta ua limechukua kiasi kidogo mno. Kilichofaa ni kukwangua udongo wa juu.

Nisionekane naidharau mimea. Ipo inayokusanya metali kwa namna ya kustaajabisha. Katika kisiwa cha New Caledonia kuna mti uitwao Pycnandra acuminata ambao ukiukwaruza hutoa utomvu wa rangi ya buluu na kijani, na utomvu huo ukikauka karibu robo ya uzito wake ni nikeli. Mwaka 2001 ilitangazwa huko Florida kwamba aina moja ya jimbi, Pteris vittata, hukusanya aseniki, sumu nyingine ya udongoni, majanini. Na Wajapani hao hao wamepata mafanikio kwa kadimiamu, metali nyingine yenye sumu: aina ya mpunga iitwayo Chokoukoku, ikilimwa miaka 2 kwenye jaruba lililokaushwa maji, ilipunguza kadimiamu ya udongo kwa asilimia 38. Ila tazama masharti yake. Metali yenyewe ni nyepesi kuhama, uchafuzi si mkubwa, mmea umechaguliwa makusudi, na maji yanaongozwa kwa hesabu. Risasi kwenye kiwanja cha fundi betri haina hata sharti moja kati ya hayo.

"Ua likiota penye shaba, basi linakula shaba"

Hii naipenda kwa sababu hata wataalamu waliingia mtegoni. Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, kuna mmea mdogo wa ukoo wa kivumbasi, Haumaniastrum katangense, ambao watu wameuita ua la shaba. Huota kwa wingi pale ambapo udongo umejaa shaba kiasi cha kuua majani mengine, hata wanaakiolojia wameufuata ili kupata mahali ambapo mababu waliyeyushia shaba karne nyingi zilizopita. Majani yake yalipopimwa zamani, shaba ilionekana nyingi mno, na mmea ukaingizwa kwenye orodha ya mabingwa wa kukusanya metali.

Baadaye watafiti walirudia kazi wakiwa na swali la mpishi: je, majani yalioshwa? Mwaka 2007 ilidhihirika kwamba sehemu kubwa ya shaba iliyohesabiwa kwenye mimea ya Katanga ilikuwa vumbi lililokaa juu ya jani. Mmea unavumilia shaba kwa kuizuia isipande juu. Kuvumilia na kunyonya ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi vinapingana.

Wala uvumilivu huo si kitu kidogo. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi, huko huko Katanga, kilianza kazi mwaka 1911, na moshi wake ulipeperushwa upande mmoja wa mji miongo na miongo. Mtaa wa Penga Penga uko njiani mwa moshi huo. Kuna maeneo huko ambayo hayakuwa na hata jani moja: udongo una asidi, una shaba, mvua inauchimba, na kiangazi kinauinua kuwa vumbi linaloingia nyumbani. Watafiti wa Lubumbashi hawakujaribu kuitoa shaba. Walichanganya chokaa na mboji kwenye udongo, kisha wakapanda nyasi za asili kutoka vilima vya shaba vya Katanga kwenyewe, nyasi zinazoijua shaba tangu enzi. Lengo ni kuivika ardhi nguo. Shaba inabaki chini, vumbi linatulia.

Hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe, na hapo ndipo picha za alizeti hupotosha watu. Mmea wenye faida kubwa kwa mwenye kiwanja ni ule unaokataa kupandisha metali huku ukikamata udongo vizuri. Nyasi ya vetiva ni mojawapo. Ukoka, huu tunaoufyeka kila siku kwa hasira, ni mwingine.

"Mwaga chokaa, sumu inakufa"

Metali haifi. Haiozi, hailiwi na vijidudu vya mboji, haimaliziki kwa kukaa. Risasi iliyomwagika mwaka 1950 ipo. Chokaa, samadi, mboji, mifupa iliyosagwa na makaa ya mimea hufanya kazi moja: kuibana metali isitembee. Ukipeleka udongo maabara kabla na baada, jumla ya risasi itakuwa ileile. Kinachobadilika ni kiasi kinachoweza kuingia kwenye mzizi au kuyeyuka tumboni mwa mtoto.

Utaratibu wake hauna uchawi. Kadimiamu, zinki, shaba, nikeli na risasi hushikwa na chembe za mfinyanzi na za mboji. Udongo ukiwa na asidi, asidi hiyo inazibandua, zinaingia kwenye maji ya udongo, na mzizi hunywa maji hayo. Ukiipandisha pH (kipimo cha asidi: namba ikipanda, asidi imepungua) kutoka 5 hadi kama 6.5, zinarudi kushikwa. Kwenye kiwanja cha betri jambo hili lina uzito maradufu, kwa sababu fundi hakumwaga risasi peke yake. Alimwaga na maji ya betri, ambayo ni asidi ya salfa.

Lakini aseniki haifuati kanuni hiyo. Chokaa ikiipandisha pH, aseniki hulegea. Kwa hiyo mtu mwenye eneo la josho la zamani la ng'ombe (majosho ya enzi za ukoloni yalitumia dawa za aseniki) au eneo la mabaki ya mgodi wa dhahabu, akimwaga chokaa kwa wingi bila kupima, anaweza kuifungulia mlango sumu aliyokusudia kuifunga. Kwa aseniki dawa ni vitu vyenye chuma. Udongo wetu mwekundu, wenye kutu ya chuma ya kuzaliwa nayo, huishika vizuri kuliko mchanga mweupe wa pwani.

Fosfati nayo ina kisa. Ikikutana na risasi hutengeneza madini magumu yaitwayo pairomofaiti, ambayo hata asidi ya tumbo inapata taabu kuyayeyusha. Mwaka 2011 shirika la mazingira la serikali ya Marekani lilichanganya mifupa ya samaki iliyosagwa kwenye viwanja vya nyumba za South Prescott, Oakland, California, kwa sababu mifupa ni fosfati. Nilipomsimulia jirani yangu, akaanza kukusanya mifupa ya supu. Nikamwambia asubiri. Ile ilisagwa, ikatiwa kwa kipimo, na maabara wakafuatilia. Tena fosfati ileile inayoifunga risasi huisukuma aseniki nje, kwani hizo mbili hugombea kiti kimoja kwenye udongo. Pairomofaiti mpaka leo sijui kuitamka bila kujing'ata ulimi.

Mpunga unaonyesha ugomvi huu kuliko zao lolote. Jaruba likifurika, kadimiamu hutulia na aseniki huamka. Likikaushwa, kinyume chake. Mkulima hana namna moja ya kukwepa zote mbili kwa maji peke yake.

Jingine: chokaa huisha nguvu. Mvua na mbolea kama SA (salfati ya amonia) hurudisha asidi polepole, na baada ya miaka michache metali zilizokuwa zimetulia huanza kutembea upya. Anayechagua njia hii amechagua kupima pH kila baada ya misimu michache. Na chokaa ya shamba ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, si ile ya moto ya kupaka ukuta, ambayo huunguza miche na mikono.

Samadi na mbolea zenyewe si malaika. Samadi ya kuku wa kisasa yaweza kuwa na shaba na zinki kutoka kwenye chakula chao. Mbolea za fosfati nyingine hubeba kadimiamu, ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeziwekea kikomo tangu 2022.

"Mboga zimestawi, kwa hiyo ni salama"

Hapana. Kadimiamu hupanda kwenye mchicha au figiri bila jani kunyauka wala kugeuka rangi. Kwa ujumla mboga za majani na za mizizi hubeba zaidi kuliko nyanya, bilinganya au mahindi. Kuosha kunasaidia sana kwa risasi, ambayo nyingi iko juu ya jani kama vumbi. Kwa kadimiamu iliyokwisha ingia ndani, utaosha mpaka jani lichanike.

"Nikiacha kula mboga za hapo, nimepona"

Mboga si njia kuu ya risasi kuingia mwilini. Huingia kwa vumbi, kwa vidole vya mtoto anayetambaa, kwa udongo ulioganda kwenye viatu. Owino Uhuru, Mombasa, watu hawakuhitaji kulima ndipo waumie. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa ubavuni mwa nyumba zao mpaka kilipofungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, na watoto waliozaliwa baada ya hapo wamekutwa na risasi kwenye damu. Wajawazito wanaokula pemba, ule udongo wa kutafuna, nao waulize imechimbwa wapi.

"Mimea iliyonyonya sumu nitailisha mbuzi, au nitaichoma"

Ukiilisha, umeihamishia kwenye ini na figo za mbuzi. Ukiichoma jikoni, nyingine inaruka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, ambayo mtu wa nyumbani atayamwaga kwenye migomba.

Yule kijana nilimwambia aanze na kipimo, na aseme wazi maabara kwamba anataka metali, maana kipimo cha kawaida cha rutuba cha naitrojeni, fosforasi na potasiamu hakigusi risasi. Achukue udongo sehemu nyingi, mahali pa karai la fundi pawe na mfuko wake peke yake. Sentimita 5 za juu kwa sehemu watakayocheza watoto, 20 kwa sehemu ya kulima. Majibu yalipokuja, pale pa karai tulipafunika kokoto na zege. Kwingine akaweka chokaa, samadi na ukoka. Mchicha wake uko kwenye matuta yaliyoinuliwa, udongo umeletwa kutoka kwa mjomba wake, chini pametandikwa turubai nene.

Mbegu za alizeti alikuwa ameshanunua. Akazipeleka kwa mjomba.